Mkaa, kuni, gesi, hita au dari: nyumba ya Nyanda za Juu uipashe joto kwa kitu gani?

Mdogo wangu amepangiwa kazi Njombe. Ametoka Tanga, mji wa watu wanaolala na feni, akashuka stendi mwishoni mwa Mei na sweta moja. Wiki ya pili akaniandikia: "Kaka, shikamoo. Huku maji ya bomba yanauma. Mtoto analala na soksi mbili na pua bado ya baridi. Jirani kaniambia ninunue jiko la mkaa niwe naliingiza chumbani usiku, dukani wananiambia hita. Nichukue lipi?"

Mimi naishi Uyole, Mbeya, mwaka wa kumi na moja huu, na kabla ya hapo nilikaa Njombe miaka miwili. Jibu nililompa lilikuwa refu kuliko alivyotaka. Hili hapa ni lilelile, limeongezwa nyama kidogo kwa walioko Makete, Mafinga, Iringa na Tukuyu.

Kwanza tusiidharau baridi yenyewe. Jiji la Mbeya liko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, Njombe iko juu zaidi, na Kitulo ni mita 2,600. Kuanzia Juni hadi Agosti anga huwa nyeupe, joto la mchana linapaa lote usiku, na kule Makete majani ya viazi huamka yamefunikwa sakitu, ule umande ulioganda. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa nyumba na afya wa mwaka 2018, lilitaja nyuzi joto 18 kama kiwango ambacho ndani ya nyumba kwenye nchi za baridi kisishuke chini yake. Nyumba zetu nyingi hapa usiku wa Julai hazikikaribii. Baridi hupandisha shinikizo la damu kwa wazee na kuwasumbua wenye pumu, kwa hiyo kumwambia mtu "vumilia, ni miezi mitatu tu" si ushauri. Swali ni utapata joto kwa njia gani, na hewa ya ndani itabaki na hali gani.

Mkaa na kuni

Niseme mapema ili hata asiyefika mwisho aondoke nalo: jiko la mkaa halilali chumba kimoja na mtu. Hilo silishindanishi na kitu chochote.

Najua kwa nini watu wanalipenda. Mkaa ni rahisi kuupata, unanunua kwa sado, jiko linabebeka, na likishakolea halitoi moshi. Hapo kwenye "halitoi moshi" ndipo penye mtego. Njombe nilipanga chumba na mwenzangu wa kazini. Tulikuwa tunaliwasha jiko barazani, tunapepea mpaka mkaa wote umekuwa mwekundu, hakuna kipande cheusi, ndipo tunaliingiza. Tulijiona wajanja, moshi tumeuacha nje. Usiku mmoja wa Julai upepo ulikuwa unapiga mluzi kwenye matundu ya hewa juu ya dirisha. Nikapanda kwenye stuli nikayaziba kwa vipande vya mfuko wa saruji. Chini ya mlango tukalaza gunia.

Saa nane usiku niliamka kichwa kinadunda kama kuna mtu anatwanga humo ndani. Nikataka kusimama, miguu ikagoma. Haikuwa na ganzi. Niliiamuru tu, ikawa haisikii. Mwenzangu alikuwa anakoroma mkoromo ambao sijawahi kuusikia kwake. Nilitambaa hadi mlangoni, nikavuta gunia, nikafungua, nikaanguka nusu ndani nusu nje, shavu kwenye saruji yenye umande. Ile baridi ya saruji naikumbuka kwa mapenzi mpaka leo.

Mama mwenye nyumba alitukokota uani, akaleta maziwa, maana huku kila mtu "anajua" kwamba dawa ya sumu ya mkaa ni maziwa. Si dawa. Iliyotupata ni kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na haiko tumboni, iko kwenye damu. Hushika hemoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo damu inaendelea kuzunguka lakini haibebi kitu cha maana. Ukitolewa nje, mwili huchukua kama saa 4 hadi 5 kupunguza nusu ya gesi hiyo. Ukipewa oksijeni hospitali kwa barakoa, muda huo hushuka hadi saa moja na nusu hivi. Maziwa hayana nafasi katika hesabu hiyo. Na ukifika hospitali taja mkaa kwa mdomo wako. Kile kifaa cha kubana kidoleni husoma damu iliyotekwa na gesi hii kana kwamba imebeba oksijeni, kikaonyesha namba nzuri huku mgonjwa anazidiwa.

Kuna imani nyingine mbili za kufuta. Ya kwanza: weka sufuria ya maji juu ya jiko, maji yatameza sumu. Gesi hii haiyeyuki kwenye maji kwa kiasi cha kukusaidia. Utapata mvuke tu. Ya pili: mkaa ukishafunikwa na majivu umekwisha makali. Mkaa ulio chini ya majivu unaungua kwa hewa kidogo, na kuungua kwa hewa kidogo ndiko kunakozalisha gesi hiyo. Jiko linaloonekana limezimika saa sita usiku ndilo unalolala nalo.

Tuongeze na mahali tulipo. Kwenye mita 2,000 kila pumzi unayovuta ina oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko ya Tanga. Gesi ya mkaa inapokuja kukunyang'anya oksijeni, inakukuta tayari huna ya akiba.

Kuni ni habari tofauti. Moshi wa kuni una adabu moja: hukufukuza. Macho yanawasha, kifua kinabana, unatoka. Ndiyo maana jiko la asili katika nyumba nyingi za huku lilijengwa kivyake, mafiga katikati, mahindi ya mbegu darini yakipigwa na moshi ili wadudu wasiyaguse, na watu wakikaa kuota moto mpaka usingizi unawashika, kisha wanakwenda kulala nyumba nyingine isiyo na moto. Mpangilio huo ulikuwa na akili kuliko wetu wa mijini wa kubeba jiko mpaka chini ya kitanda.

Ila kufukuzwa na moshi siyo kupona. Kwenye moshi wa kuni kuna chembe ndogo zinazofika mwisho wa mapafu, na nyingine zinaingia kwenye damu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa moshi na uchafu wa hewa ya majumbani ulichangia vifo milioni 3.2 duniani kwa mwaka 2020: kiharusi, moyo, mapafu sugu, saratani ya mapafu. Kwa watoto wadogo, kuishi kwenye moshi huo huongeza karibu mara mbili uwezekano wa kupata maambukizi makali ya mapafu. Mama anayepika humo mgongoni kuna mtoto, na pua ya mtoto iko juu ya sufuria sawa na yake.

Kinachobadilisha hukumu ni dohani, njia ya kupandisha moshi hadi juu ya paa. Nyumba za zamani za mashamba ya chai Mufindi na za misheni zina meko ya ukutani yenye dohani. Waliozijenga walijua wanakuja kwenye baridi. Meko ya wazi yanapendeza kutazama ila joto lake jingi linapanda na moshi. Bora zaidi ni jiko la chuma lenye mlango, na bomba linalopanda mpaka juu ya kilele cha paa. Fundi wa kuchomelea anaweza kulitengeneza, lakini msimamie anapotoboa bati: bomba la moto lisigusane na mbao za kenchi. Na usizibe bomba usiku eti joto lisitoke wakati makaa bado yako ndani, maana hapo umerudi kwenye jiko la mkaa kwa mlango wa nyuma.

Kuni zenyewe ziwe kavu. Paini ni ya kumwaga huku, hasa mabaki ya viwanda vya mbao vya Mafinga, lakini utomvu wake hujaza bomba masizi, na masizi hayo yakishika moto unayasikia yanaunguruma humo ndani. Miwati na milingoti hutoa joto la kudumu zaidi, ila mlingoti mbichi ni balaa tupu. Uache upasuliwe na ukae juani miezi kadhaa. Gonganisha vipande viwili: vikavu hulia kwa sauti kali, vibichi hulia dufu.

Kwa hiyo kati ya hivi viwili, kuni zenye dohani zinashinda, na si kwa kuponea. Kuni bila dohani na mkaa ndani ya nyumba vyote vinashindwa, kila kimoja kwa namna yake. Mafuta ya taa, kwa anayefikiria kufufua lile jiko la tambi, yako kundi la waliofeli. Masizi, harufu na hatari ya moto, na Shirika la Afya Duniani halipendekezi yatumike majumbani kabisa.

Gesi na hita ya umeme

Gesi ya mtungi kwa kupikia naiunga mkono bila kusita, na ni sehemu ya Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034. Ila kupikia dakika 40 na kuwasha jiko la gesi saa tatu nzima ili sebule ipate joto ni mambo mawili. Mwali wa bluu hautoi moshi, lakini unakula oksijeni ya chumba na kutoa naitrojeni dioksaidi, ambayo wenye pumu huisikia kifuani haraka. Mwali ukigeuka wa njano, jua hauungui vizuri na kaboni monoksidi imeanza kutoka.

Halafu kuna jambo ambalo watu hawalitegemei: gesi inatoa maji. Kila kilo moja ikiungua huingiza hewani mvuke unaolingana na lita moja na nusu ya maji na zaidi. Plati moja kubwa kwa jioni ya saa tatu inakaribia lita moja. Mvuke huo unapanda, unakutana na bati ambalo usiku wa anga nyeupe hupoa kuliko hata hewa ya nje, na alfajiri matone yanakudondokea usoni. Mdogo wangu alidhani paa linavuja. Nilimwambia hilo ni jasho la bati. Wiki chache za hali hiyo na kona za ukuta nyuma ya kabati zinaota fangasi weusi, na kikohozi cha mtoto kinakuwa cha kudumu bila mtu kujua kimetoka wapi. Mtungi wa kilo 6 kwa matumizi hayo nao hauvuki siku kumi.

Hita ya umeme haichomi kitu chumbani. Haitoi moshi, haitoi gesi, haitoi unyevu. Kwa upande wa hewa peke yake ndiyo namba moja, na hapo hakuna ubishi. Malalamiko ni mawili. La kwanza ni ukavu: hewa ya nyuzi 8 ukiipasha mpaka 20 bila kuongeza maji, unyevu wake wa kulinganisha unashuka chini ya nusu ya ulivyokuwa. Iringa na Mbeya, ambako kipupwe tayari ni kikavu na midomo inapasuka yenyewe, utaamka koo limekauka. Nguo mbichi iliyoanikwa chumbani, mbali na hita, inatosha kurekebisha. Njombe na Tukuyu kwenye ukungu, ukavu kidogo ni neema.

Malalamiko ya pili ni LUKU, umeme wa kulipia kabla, na hapa lazima tupige hesabu. Kwa bei ya kawaida shilingi 1,000 inakupa uniti 2.8 hivi. Hita ya wati 2,000 inakula uniti 2 kwa saa. Ukiiwasha saa nne kila jioni ni uniti 8, kwa mwezi 240, na hiyo ni zaidi ya shilingi 80,000 kwa hita peke yake. Kama uko kwenye kundi la matumizi madogo, lile la shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, utavuka uniti 75 za mwezi kabla ya tarehe 10, na kila ya ziada inakatwa shilingi 350. Muuzaji dukani atakwambia hita ya mafuta, ile ya umeme yenye mafuta yaliyofungwa ndani, "inatumia umeme kidogo" kuliko ya feni. Zote zinageuza uniti moja kuwa joto lilelile. Tofauti ni kwamba ya mafuta hubaki na joto baada ya kuzimwa na haina kelele, na ya feni inapasha haraka. Kwa chumba cha mtoto ningechukua ya mafuta, maana haina waya mwekundu wa kushika karatasi au neti.

Na ichomeke ukutani moja kwa moja. Ekstensheni za bei rahisi zina waya mwembamba. Wati 2,000 zikipita humo kwa saa kadhaa plastiki inalainika, kisha inanuka, kisha inawaka.

Kupasha chumba au kupasha mtu

Hapa ndipo mdogo wangu alipobadili swali lake. Anachotaka ni yeye na mtoto wasitetemeke, si hewa ya sebule tupu iwe na joto saa saba usiku. Blanketi la umeme la kutandika chini ya shuka linatumia wati 100 hivi. Liwashwe usiku kucha, saa nane mfululizo, halimalizi uniti moja. Kwa mwezi halifiki shilingi 9,000. Linganisha na ile 80,000. Ukiliwasha nusu saa kabla ya kulala na kulizima ukiingia, ndivyo ninavyofanya mimi, gharama inakuwa ya kuchekesha. Halifai kwa mtoto mchanga wala anayekojoa kitandani.

Chupa ya mpira ya maji ya moto ni rahisi zaidi: lita mbili, birika haligusi hata robo ya uniti, na inashika joto mpaka alfajiri ukiivisha soksi. Usimimine maji yanayotokota, japo hapa Mbeya yanatokota kwenye nyuzi 94 tu kwa sababu ya mwinuko. Yanatosha kabisa kumbabua mtu. Kwa mtoto, pasha kitanda, kisha iondoe ndipo umlaze.

Na kwa mama aliyejifungua, ambaye kwetu desturi ni kumwekea jiko la mkaa chumbani siku arobaini: mbebe mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, blanketi juu, kofia kichwani. Hospitali zinafanya hivyo kwa watoto njiti. Mjamzito naye asikae kwenye hewa ya mkaa, kwa kuwa gesi ile inavuka kondo la nyuma na damu ya mtoto tumboni huishika kwa nguvu zaidi hata ya mama yake.

Dari, ambayo hakuna anayeiuza kama hita

Nyumba ya mdogo wangu ni ya matofali ya kuchoma, bati juu, hakuna dari. Hita yoyote humo inapasha bati. Joto linapanda, linagusa chuma baridi, limekwenda. Ukipiga dari ya mbao za paini au jipsamu, chumba kinachopashwa kinapungua kimo, jasho la bati halikudondokei tena, na hita iliyokuwa inahitaji saa nne inaweza kukutosheleza kwa moja. Kama ningekuwa na fedha ya kitu kimoja tu, ingekwenda hapo kabla ya kifaa chochote. Kwa mpangaji inauma kugharimia nyumba ya mtu. Zungumza na mwenye nyumba akate kwenye kodi. Wengine wanakubali, kwa sababu dari inabaki kwake.

Jua nalo ni la bure. Juni na Julai linapita upande wetu wa kaskazini, kwa hiyo madirisha ya kaskazini, kwa wakazi wa jiji la Mbeya yale yanayotazama Loleza, ndiyo ya kufungua pazia kuanzia saa nne asubuhi. Saa kumi na moja jioni uwe umeshafunga pazia zito, kabla joto halijaanza kutoka.

Nani achukue nini

Mpangaji wa chumba kimoja mwenye LUKU: blanketi la umeme na chupa ya mpira, basi. Familia yenye mtoto mdogo au mzee: dari kwanza, hita ya mafuta kwa muda wa saa moja jioni na nusu saa alfajiri, vitanda vipashwe kwa chupa. Asiyefikiwa na umeme, kama vijiji vya milimani vyenye kuni tele: jiko la chuma lenye bomba, au aendelee kuota moto jiko la nje na kulala kwenye nyumba isiyo na moto, na blanketi mbili za mtumba badala ya moja. Mwenye jiko la mkaa alibakize barazani, lichemshe maharage na maji ya chupa.

Mdogo wangu amechukua chupa mbili na hita, na mwenye nyumba bado "anafikiria" kuhusu dari. Juzi akauliza tena: "Na yale matundu juu ya dirisha, Kaka, niyazibe? Upepo unaingia hapo." Nikamwambia kwa umeme na chupa, anaweza kuziba ya upande unaovuma upepo akaacha ya upande wa pili, maana hata pumzi za watu wawili usiku kucha zinataka pa kutokea. Ila siku atakayoingiza kitu chochote chenye moto, hata jiko la gesi la kuchemshia uji, apande kwenye stuli azibue yote kwanza.